Mizani inasoma 95.6 sawasawa, ikifika 102.4 ni vurugu

Swali

"Habari fundi. Niko Busia upande wa Uganda, nafanya kazi kwenye ghala la mahindi. Bosi anataka uzito wa kila gunia uingie kwenye kompyuta badala ya kuandikwa kwenye kauntabuku. Mizani yetu ina porti ya pini tisa nyuma ya indiketa, kile kisanduku kinachoonyesha uzito, nami nimenunua adapta ya USB yenye chipu ya CH340. Kwenye laptopu yangu ya Ubuntu 22.04 porti inaonekana kidogo kisha inapotea. Nikaazima laptopu ya rafiki, nayo ikakataa mpaka nilipotumia sudo. Nikafungua picocom, programu ya kusomea porti, kwa kasi ya 9600, uzito ukaanza kupita, lakini mambo ni ya ajabu: 95.6 inasomeka vizuri, 102.4 inatoka vialmasi vyeusi vyenye alama ya kuuliza ndani, na mistari inashuka kama ngazi. Nimejaribu kasi nyingine zote, zote ni mbaya zaidi. Hata kutoka sijui, nafunga dirisha tu. Je, mizani imekufa au adapta ni feki?"

Jibu

Ndugu yangu, mizani yako ni nzima na adapta yako inafanya kazi. Nashukuru kwamba hukuandika tu "inatoa takataka", kama wengi wanavyoniandikia. Umenipa namba mbili, moja nzuri na moja mbaya, na hizo mbili zinatosha. Kasi ya 9600 ni sahihi, usiiguse tena. Kilichokosekana ni pariti, biti moja ya ziada ya kukagua kama herufi imefika salama. Mizani inatuma herufi za biti 7 zenye pariti shufwa, na kompyuta inasikiliza herufi za biti 8 zisizo na pariti. Funga ulichofungua, kisha andika hivi:

picocom --baud 9600 --databits 7 --parity e /dev/ttyUSB0

Picocom inapoanza huorodhesha mipangilio iliyoshika, mstari kwa mstari. Isome kabla hujatazama uzito. Pale penye parity paseme even, na penye databits paseme 7. Nimekuandikia majina marefu ya amri kwa makusudi, kwa sababu kwenye matoleo ya zamani -p ilikuwa pariti, na kwenye mapya -p ni biti za kumalizia. Ukinakili amri fupi kutoka mahali usipopajua, unaweza kuomba jambo moja ukapewa jingine.

Sasa nikueleze nimejuaje, maana kesho utakutana na mizani nyingine na sitakuwa karibu.

Waya wa seriali, yaani huu wa pini tisa unaotuma biti moja moja, hauna salamu. Ukichomeka flashi ya USB, flashi na kompyuta hujuana kwanza: wewe nani, unafanya nini, unakwenda kasi gani. Seriali ya RS-232, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1960, haina hatua hiyo. Kila upande huanza kusema ukiamini mwenzake anajua kasi, anajua idadi ya biti, anajua kama kuna pariti. Wasipokubaliana hakuna ujumbe wa kosa wala taa nyekundu. Unaona vitu vya ajabu tu kwenye skrini na kuanza kumlaumu muuza adapta. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Mizani ndiyo mwenyeji, na kompyuta ni mgeni anayefuata desturi ya nyumba.

Herufi moja husafiri hivi. Waya ukiwa kimya hukaa kwenye hali ya 1. Herufi ikianza, inashuka kwenye 0 kwa muda wa biti moja, nayo ndiyo biti ya kuanzia. Zinafuata biti za data, kisha pariti kama ipo, kisha biti ya kumalizia. Kwa kasi ya 9600 biti moja hukaa kama mikrosekunde 104. Hesabu sasa. Mizani yako: 1 ya kuanzia, 7 za data, 1 ya pariti, 1 ya kumalizia, jumla 10. Kompyuta yako ilivyokuwa imepangwa: 1 ya kuanzia, 8 za data, hakuna pariti, 1 ya kumalizia, jumla 10 vilevile. Hapo ndipo penye mtego. Urefu ni uleule, kila herufi inaanza na kuisha mahali pake, kwa hiyo kompyuta haina sababu ya kulalamika. Inachukua tu biti ya pariti na kuidhania ni biti ya nane ya data.

Pariti shufwa maana yake ni kwamba idadi ya 1 kwenye herufi, pamoja na biti ya pariti yenyewe, lazima iwe shufwa. Tarakimu 9 kwa biti saba ni 0111001. Ina 1 nne, tayari ni shufwa, basi pariti inakuwa 0, na kompyuta inasoma 9 ileile. Tarakimu 1 ni 0110001. Ina 1 tatu, ni witiri, kwa hiyo mizani inaongeza pariti ya 1. Kompyuta inaiona hiyo kama biti ya nane yenye thamani ya 128, na herufi namba 49 inageuka kuwa 177. Teminali ya siku hizi husoma herufi kwa mpangilio wa UTF-8, na 177 ikiwa peke yake si herufi yoyote, ndiyo maana inakuwekea kialmasi.

Ukizipitia tarakimu zote kumi kwa namna hiyo utapata kwamba 0, 3, 5, 6 na 9 zinapita salama, na 1, 2, 4, 7 na 8 zinaharibika. Nukta inapita. Tazama tena 95.6 yako: 9, 5, nukta, 6, zote ziko upande salama. Kwenye 102.4 ni sifuri na nukta tu zilizopona. Na hata kwenye ule mstari uliouona mzuri, nadhani herufi "kg" hazikutokea kama zilivyo, kwa sababu k na g zote zina 1 tano.

Ngazi nayo ni hilohilo. Mizani humaliza mstari kwa alama mbili, moja ya kurudisha kishale kushoto na nyingine ya kukishusha chini. Ya kurudisha kushoto ni namba 13, ina 1 tatu, inaharibika. Ya kushusha ni namba 10, ina 1 mbili, inapita. Kishale kinashuka lakini hakirudi kushoto, mistari inashuka kama ngazi. Dalili zako tatu zote zina mzizi mmoja.

Nimekaa sana hapa kwa sababu kosa hili lina hatari inayonisumbua kweli. Mtu anayeandika programu ndogo ya kupokea uzito mara nyingi huiambia itupe kila alama isiyojulikana. Gunia la 102.4 likipita kwenye programu ya namna hiyo, kinachobaki ni "0." tu, na hilo angalau mtu ataliona. Lakini 165.3 inabaki 65.3. Huo ni uzito unaokubalika kwa macho, hakuna atakayeushtukia, na mkulima aliyetoka na baiskeli yake alfajiri amepoteza kilo mia moja. Kwa hiyo usikubali kamwe kusafisha alama chafu. Tafuta zinatoka wapi, uzizuie pale pale.

Endapo bado utaona vialmasi baada ya amri ile ya juu, huenda chipu ya adapta yako haikubali biti 7. Nimekutana na adapta za bei rahisi zinazopokea amri bila ubishi kisha zinaendelea na biti 8. Azima adapta ya chipu nyingine ulinganishe kabla hujashuku mizani.

Kuhusu kutofautisha magonjwa mengine: kasi ikiwa si sahihi hakuna tarakimu inayopona kwa mpangilio kama ulivyoona. Kila kitu kinavurugika, ila uzito uleule utatoa vurugu ileile kila mara. Ukisikiliza polepole kuliko mizani inavyosema, herufi zinapungua. Ukisikiliza haraka mno, zinaongezeka. Huna haja ya kutoka na kuingia tena kila unapobadilisha kasi. Ndani ya picocom bonyeza Ctrl-A, achia, kisha Ctrl-U kupanda au Ctrl-D kushuka. Ctrl-A kisha Ctrl-Y inazungusha pariti, na Ctrl-A kisha Ctrl-V inakuonyesha ulipo. Vurugu inayobadilika kila sekunde huku gunia limetulia ni habari nyingine. Hapo shuku waya mrefu mno, kiungio kilicholegea, au pini ya ardhi isiyogusa. Na ukimya kabisa mara nyingi ni waya, au mizani inasubiri kuambiwa ndipo itume. Indiketa nyingi zina namna tatu za kutuma: mfululizo, pale mtu anapobonyeza kitufe cha kuchapa, au pale kompyuta inapoomba. Kitabu cha mizani ndicho kitakachokuambia, na hapa hakuna ujanja mbadala.

Kwa ukimya, mita ya fundi wa kawaida inatosha. Weka mita kwenye volti za DC. Mkono mweusi uguse pini ya 5, ambayo ni ardhi, na mwekundu uguse pini ya 2 kisha ya 3. Fanya hivyo upande wa adapta peke yake na upande wa mizani peke yake, waya ukiwa haujaunganishwa. RS-232 ikiwa kimya hukaa kwenye volti hasi, na pini yenye hasi ndiyo mdomo wa kifaa hicho. Adapta yako husemea pini ya 3 na kusikilizia pini ya 2. Mizani ikisemea ya 2, waya ulionyooka unatosha. Nayo ikisemea ya 3, vinywa viwili vinatazamana, na unahitaji waya uliopishanishwa, 2 kwa 3 na 3 kwa 2. Ukitaka kuijaribu adapta bila mizani, chukua kipande cha waya uunganishe pini 2 na 3 za adapta, fungua picocom, uandike chochote. Picocom haina mwangwi wake mpaka uiombe, kwa hiyo herufi zikionekana, zimetoka kwa pini ya 3 na kurudi kwa ya 2. Toa kipande hicho, zinyamaze. Adapta ni nzima.

Mita ileile itakuokoa na hasara niliyoipata mimi. Nilipoanza kazi hii Mbale, mteja aliniletea bodi ndogo ya kupimia maji kwenye tangi, yenye pini tatu zilizoandikwa TX (ya kusemea), RX (ya kusikilizia) na GND (ardhi). Nilikuwa na adapta ya RS-232 mkononi, nikachomelea nyaya zake moja kwa moja. Hakukutoka moshi wala harufu. Bodi ilinyamaza, basi. Pini zile zilikuwa za volti 3.3, na adapta yangu ilizisukumia volti hasi na chanya za RS-232, mbali kabisa na zilizoumbiwa. Nilimlipa bodi mpya, na tangu siku ile sijaunganisha seriali yoyote kabla ya kupima. Kimya chenye hasi ni RS-232. Kimya chenye chanya ya 3.3 au 5 ni TTL, na hiyo inahitaji adapta ya aina nyingine. Mizani yenye porti ya pini tisa kwa kawaida ni RS-232, kwa hiyo wewe uko salama, ila rafiki yako akikuletea bodi ya Arduino au ESP32 useme nayo ukitumia adapta hiyohiyo, mkatalie.

Turudi kwenye laptopu yako mwenyewe. Porti inayoonekana kisha kupotea kwenye Ubuntu 22.04, na chipu ni CH340, ninaishuku brltty kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo ni programu inayowasaidia watu wasioona kutumia kompyuta kwa kifaa cha maandishi ya nukta nundu. Baadhi ya vifaa hivyo hujitambulisha kwa namba 1a86:7523, namba ileile ya CH340 yako. Programu inaona namba, inaamini kifaa chake kimefika, inakishika, na porti yako inaondolewa. Hakikisha kwa kufungua teminali moja na kuandika:

sudo dmesg -w

Chomeka adapta huku unatazama. Ukiona ch341 imeunganishwa na ttyUSB0, kisha mstari unaotaja brltty, kisha disconnected, umepata jibu. Kama hakuna mtu asiyeona anayetumia laptopu hiyo, iondoe kwa sudo apt remove brltty, chomoa adapta na uichomeke tena. Kama yupo, usiiondoe, maana kwake hiyo ndiyo skrini. Zima mstari mmoja tu wenye 1a86:7523 kwenye kanuni zake za udev, sehemu ya Linux inayotambua vifaa vinavyochomekwa, na nyote wawili mtafanya kazi.

Laptopu ya rafiki ilikukatalia kwa sababu ya ruhusa. Andika ls -l /dev/ttyUSB0 na utaona faili hiyo ni ya root na kundi la dialout. Jina hilo limebaki tangu zama za modemu zilizopiga simu. Jiingize kwenye kundi:

sudo usermod -aG dialout $USER

Hiyo herufi a usiiache. Bila a, amri inakutoa kwenye makundi mengine yote, pamoja na lile linalokupa sudo, na utajifungia nje ya mashine yako mwenyewe. Ukimaliza, toka kabisa kwenye akaunti na uingie upya, maana kufungua dirisha jipya hakutoshi. Thibitisha kwa amri ya groups.

Ninakusihi uache kufungua porti kwa sudo, na sababu si usafi tu. Porti ya seriali haigawi nakala. Programu mbili zikisoma porti moja, herufi inayochukuliwa na moja haiendi kwa nyingine. Kila moja inapata vipande, na uzito unatoka na mapengo. Baadhi ya programu hufunga porti ili nyingine ikataliwe, lakini mtumiaji root hupita kufuli hiyo bila kuulizwa. Kwa hiyo kwa sudo unaweza kuwa na wasomaji wawili bila kujua. Ukishuku hivyo, sudo fuser -v /dev/ttyUSB0 itakutajia nani ameishika.

Kutoka kwenye picocom ni Ctrl-A, achia, kisha Ctrl-X. Kufunga dirisha hakukudhuru sana ukiwa na picocom, lakini mtu aliyezoea programu nyingine iitwayo screen akifunga dirisha, screen inaendelea kuishi nyuma ya pazia na porti ikiwa mkononi mwake. Kwa screen ni Ctrl-A kisha k, halafu y. Na siku utakapotumia minicom, nayo ni programu ya kazi hiihii, ukaona unasoma kila kitu ila unachoandika hakifiki, ingia Ctrl-A kisha O, kwenye mipangilio ya porti, uzime udhibiti wa mtiririko wa maunzi. Minicom mara nyingi huja nao ukiwa umewashwa, inasubiri ishara kwenye nyaya ambazo waya wako wa pini tatu hauna. Mimi nimebaki na picocom kwa sababu haina faili ya mipangilio ya zamani inayoweza kunishangaza. Kila kitu kiko kwenye mstari nilioandika.

Sasa kauntabuku ya bosi. Picocom inaweza kuandika yote kwenye faili kwa --logfile mizani.txt, na kwa siku mbili tatu za majaribio hiyo inatosha. Kwa kazi ya kila siku utataka tarehe na saa mbele ya kila uzito, na hapo picocom ilishamaliza kazi yake ya kukufahamisha mizani inaongeaje. Weka kifurushi cha moreutils, ambacho kina ts, kisha:

stty -F /dev/ttyUSB0 raw -echo 9600 cs7 parenb -parodd igncr

cat /dev/ttyUSB0 | ts '%F %T' >> mizani.txt

Usipuuze -echo. Neno raw peke yake halizimi mwangwi, na bila -echo kompyuta itairudishia mizani kila herufi inayotumwa. Mizani inayopokea amri inaweza kuudhania mwangwi huo ni amri. cs7 parenb -parodd ni ile biti 7 na pariti shufwa, kwa lugha ya stty. igncr inatupa alama ya kurudi kushoto ili faili iwe safi. Ukichomoa adapta, mipangilio inapotea, kwa hiyo amri ya stty irudiwe kila inapochomekwa. Na jina ttyUSB0 linaweza kugeuka ttyUSB1 iwapo adapta itachomoka na kurudi huku programu bado imeshika la zamani. Angalia ndani ya /dev/serial/by-path, utakuta jina linalofuata tundu la USB lenyewe. Tumia tundu moja siku zote, lifunge na kipande cha utepe wa rangi ili kijana wa zamu ya jioni asikosee.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye swali lako, ila siwezi kuliacha. Mizani inayotuma mfululizo inatuma pia wakati gunia linapandishwa, wakati mbebaji bado ameegemea, wakati jukwaa linayumba. Indiketa nyingi huweka alama mwanzoni mwa mstari, mara nyingi ST kwa uzito uliotulia na US kwa usiotulia. Uzito unaokwenda kwenye hesabu ya mkulima uwe ni uliotulia peke yake. Kama indiketa yako ina kitufe cha kuchapa, mimi ningeiweka kwenye namna hiyo: karani anangoja jukwaa litulie, anabonyeza, mstari mmoja unatoka, mstari mmoja unaingia kwenye faili, na aliyeleta mahindi anaona mkono wa karani.

Ukiingia kwenye menyu ya indiketa kubadilisha namna ya kutuma, angalia kwanza sili ya UNBS iko wapi. Shirika hilo la viwango ndilo linalokagua mizani ya biashara Uganda na kuifunga. Kusoma porti ya nyuma hakugusi sili yoyote. Lakini kama menyu ya kutuma data iko nyuma ya swichi iliyofungwa, pamoja na menyu ya kurekebisha uzito, iache kama ilivyo. Rekebisha upande wa kompyuta. Kila kitu nilichokuandikia hapa kinafanyika bila kufungua skrubu hata moja ya mizani.

Kabla ya kumkabidhi bosi, weka kauntabuku na faili zifanye kazi pamoja kwa wiki moja. Chukua magunia kadhaa, na hakikisha miongoni mwake yapo yenye 1, 2, 4, 7 na 8 kwenye uzito, maana hizo ndizo tarakimu zilizokuwa zinakufa. Karani asome kwa sauti kwenye kioo cha indiketa, wewe usome kwenye skrini. Halafu uniletee mistari mitano ya kwanza ya mizani.txt kama ilivyo, usiisafishe wala usiipange, na uniambie modeli ya indiketa. Nikiiona mistari yenyewe nitajua alama ya kutulia imekaa wapi, ndipo tutaandika pamoja kichujio cha kuacha yale ya kuyumba.